Medali ya Muongo wa Burma

Mama Pendo, na ninyi wenzangu wote wa kikoba cha Bagara, nimechoka kuulizwa. Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kununua kitenge anakitolea macho kisanduku changu cha kioo, anaona nafasi tupu katikati, kisha ananiuliza kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani, "Mama Zuhura, ile ya fedha umemuuzia nani?" Sikuuza. Narudia, sikuuza! Kaeni chini niwape safari yote tangu mwanzo, maana nikiwapa kipande kipande mtakwenda kuiharibu sokoni.

Babati: kopo la sonara

Wengi mnanijua kwa vitenge. Wachache mnajua kwamba ninakusanya medali za vita, na hao wachache huwa mnanicheka. Chekeni tu. Marehemu Baba Zuhura alikuwa sonara, mtoto wa sonara, na watu walimletea fedha kuukuu aiyeyushe awatengenezee bangili na pete. Humo ndimo medali zilimokuwa zikija, zimechanganyika na vijiko na mikufu iliyokatika. Yeye ndiye aliyenifundisha kuzisoma. Zile nyota za shaba, na zile za mviringo zenye simba aliyekanyaga joka la vichwa viwili, ni za Vita Kuu ya Pili. Vijana wetu waligawiwa kwa kuwa walikwenda, na hazina jina la mtu. Ukiishika unajua kuna askari alikwenda na akarudi, basi.

Ya ushujaa ni kitu kingine. Hiyo ni fedha. Upande mmoja kichwa cha mfalme wa Uingereza, upande wa pili shada la majani limezunguka maneno ya kusifu ushujaa vitani, na kwenye ukingo wake mwembamba wamechapa namba ya askari, cheo chake, jina na kikosi. Kwa macho matupu huoni kitu. Unahitaji lensi ya sonara, jua la asubuhi na subira, na mimi ninavyo vyote isipokuwa subira.

Ya namna hiyo nilikuwa nayo moja tu. Baba Zuhura aliikuta ndani ya kopo la baba yake mwaka tuliokuwa tunajiandaa kuoana. Alikuwa anatafuta fedha ya kunitengenezea jozi ya bangili za harusi, na iliyokuwepo ilitosha bangili moja. Ile medali ingetosha ya pili. Akaipeleka juani, akasoma ukingo, akakuta jina: Gidahoda, wa Keya, lile jeshi la Waafrika la enzi za Mwingereza. Akairudisha kwenye kopo. Nikaolewa na bangili moja! Dada zangu walinicheka mpaka wakaishiwa machozi, na mimi nilimsema Baba Zuhura miaka yote ya ndoa yetu, kila nilipokosa cha kumsemea. Jibu lake halikubadilika. "Kitu chenye jina la mtu hakiyeyushwi. Wala usikioshe mpaka umjue mwenyewe."

Na kweli sikuiosha. Ilikuwa nyeusi tii, na pale juu panapopita utepe mtu alikuwa amezungushia waya wa shaba, mizunguko mingi, imebanana. Mkusanyaji mmoja wa Arusha aliniambia niukate ule waya na niisugue medali ing'ae. Nikamwambia aende akasugue masufuria ya mkewe. Lakini rohoni na mimi niliuona ule waya ni uharibifu wa mchuuzi fulani asiye na adabu.

Sasa, siku moja ya mnada, akaingia dukani mzee wa Kibarabaig kutafuta shuka. Akaviangalia vitu vyangu, akaniuliza ile nyeusi ni nini. Nikamsomea jina. Mzee akaangua kicheko. "Huyo si Muongo wa Burma?"

Nikamvutia kiti. Akanieleza kwamba Gidahoda alirudi kutoka vitani Burma akisema amepewa zawadi ya ushujaa na mfalme. Miaka ikapita, watu wakamwambia, tuonyeshe basi. Hakuwa na kitu. Kwa Wabarabaig, anayesema ameua simba huja na ushahidi ndipo apewe ng'ombe na heshima. Maneno matupu ni ya mlevi. Akabandikwa jina hilo, akafa nalo, na wajukuu zake mpaka leo wanataniwa nalo kwenye pombe. "Binti yake yuko hai," mzee akasema. "Udamara. Ni bibi kizee sasa, na afya imemwacha. Kama una neno la kumwambia, usingoje mvua." Nyumbani kwao, akasema, ni Basotu, Wilaya ya Hanang'.

Jamani! Kitu walichosema hakipo kilikuwa kwenye kisanduku changu, chini ya mita za vitenge! Nikafunga duka.

Babati hadi Katesh: mtafuta rupia

Basi la kwenda Katesh lilituambia linaondoka "sasa hivi". Mnazijua sasa hivi za stendi yetu. Nikanywa chai, nikala chapati, nikanywa chai tena, na dereva bado alikuwa anabishana na mtu kuhusu kreti za soda.

Tulipoondoka, Mlima Hanang' ulikuwa umejifunika mawingu. Nikaona ni nafasi ya kuisoma medali yangu kwa mara nyingine, nikatoa lensi. Hilo lilikuwa kosa. Jirani yangu, bwana mmoja mwenye koti la suti na kandambili, akaniinamia.

"Mama, shikamoo. Wewe ni mtu wa rupia?"

"Marahaba. Rupia gani?"

"Usinifiche, mama. Mali aliyoifukia Mjerumani. Mimi nina shimo. Lina alama ya msalaba na mshale. Nilichokuwa nakosa ni mtu mwenye kipimo." Akaitazama lensi yangu kama mtu anayeona ndoa.

Nikamweleza kwamba mimi ninasoma medali, kwamba Mjerumani simjui, na kwamba kama kungekuwa na mali mashimoni, hao waliochimba nusu ya mkoa huu wangekuwa matajiri. Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Ndivyo mnavyosema nyote," akasema.

Kufika Katesh, akawa ameshanitangaza. Sijamaliza kunawa uso gesti, mwenye gesti akanigongea: kuna watu nje. Wamekuja na senti za tundu, funguo zenye kutu, boliti ya trekta, na mama mmoja alikuja na medali kabisa, ameifunga kwenye leso. Nikaifungua. Ilikuwa ya mbio za magunia, ya shule ya msingi, na utepe wake bado mpya.

Msinicheke, lakini niliwahudumia. Nilikaa kibarazani na lensi yangu, nikamwambia kila mtu alichonacho na hakuna niliyemdanganya. Yule mama wa mbio za magunia aliniambia ni ya mwanawe, yuko mgodini, hajapiga simu siku nyingi. Nikamwambia aitunze, na asiioshe. Akaniletea kande zenye maharage mengi kuliko mahindi, na sijala kande nzuri kama zile tangu mama yangu afariki. Bwana wa shimo alikaa kona moja akinisubiri nimalize ili tukachimbe. Niliondoka asubuhi kwa mlango wa uani.

Katesh hadi Basotu: wanawake walionipa mgongo

Kwenda Basotu nilipanda bodaboda. Katikati ya mashamba ya ngano mnyororo ukakatika, na dereva akaniambia nisiwe na wasiwasi, ana rafiki anakuja na mwingine. Rafiki alikuja baada ya mimi kuimaliza chupa yangu ya maji na kuyajua maisha yote ya dereva, pamoja na mchumba aliyemkimbia. Upepo wa kule unapita juu ya ngano moja kwa moja mpaka kwenye mifupa ya mtu. Nilijifunga kanga mbili, nikajisemea, Mama Zuhura, umejitakia.

Kwenye boma nililoelekezwa njiani nilipokelewa vizuri sana, na hilo ndilo lililonichanganya. Walikuwepo wanawake watatu, wana bangili za shaba mpaka kwenye viwiko. Wakanipa kigoda, wakaniletea maziwa kwenye kibuyu, mazito, yana harufu ya moshi. Mmoja alijua Kiswahili vizuri. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua na ng'ombe. Ndipo nikasema, "Ninatafuta nyumba ya mzee Gidahoda."

Yule wa Kiswahili akatazama chini. Wa pili akajifunika mdomo. Mkubwa wao akaniangalia kana kwamba nimemwaga maziwa.

Nikadhani hawajanisikia. Nikasema tena, kwa sauti kubwa, polepole, kama mtu anayeongea na kiziwi: "GI-DA-HO-DA. Hapa ndipo kwake? Ni baba mkwe wenu?" Mkubwa akainuka, akanipa mgongo, akaingia ndani. Wengine wakamfuata. "Hatujui," yule wa Kiswahili akasema akiwa mlangoni, bila kunitazama. "Mama, hatujui."

Loo! Nimetoka Babati, nimepigwa na upepo, nimewaletea heshima ya mzee wao mfukoni, halafu mnanipa mgongo? Nikaweka kibuyu chini kikiwa na maziwa, nikasema maneno ambayo sitayarudia hapa, nikarudi barabarani. Dereva akaniuliza kama nimewapata. Nikamwambia anipeleke penye chakula.

Basotu senta: swali la Mama Happy

Pale senta kuna Mmbulu mmoja, Mama Happy, ana kibanda cha chakula. Nilikaa nikaagiza ugali na samaki wa ziwani, na kabla samaki hajafika nilikuwa nimeshamwaga hasira zangu zote. Niliwaita wale wanawake majina. Nilisema naifunga safari, narudi kwangu.

Mama Happy alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Mama, uliwatajia jina la mkwe wao? Usoni? Tena mara mbili?"

"Sasa ningemtafutaje bila jina?"

"Mwanamke wa Kibarabaig akishaolewa, jina la baba mkwe hatamki, wala la wazee wengine wa mumewe. Akimtaja anamvunjia heshima. Hata kukuitikia wewe uliyelitaja ni taabu. Pale ulikuwa unawalazimisha wamtukane mkwe wao mbele ya mgeni. Walipokupa mgongo walikuwa wanakuambia ndiyo, umefika."

Nikaacha kutafuna. Mimi ni mbishi, mnanijua, kwa hiyo nikasema hiyo nayo ni mila gani, jina ni jina.

Mama Happy akafuta mikono. "Mume wako anaitwa nani?"

"Baba Zuhura."

"Huyo ni baba wa Zuhura. Nimeuliza jina lake."

Wenzangu, nikainamia samaki nikaanza kumtoa miiba. Maisha yetu yote nimemwita Baba Zuhura. Alipoumwa nilimwita Baba Zuhura, na alipofariki nilimlilia Baba Zuhura. Hakuna aliyenikataza, ni adabu tu niliyolelewa nayo. Mama Happy akaniongezea samaki, na huo ulikuwa ushindi wake.

Hasira hasara, wahenga walisema, na hasara yangu ilikuwa kibuyu kizima cha maziwa. Nikarudi bomani na kilo za sukari na majani ya chai. Safari hii sikutaja mtu. Nilisema tu, "Nimekuja kuomba radhi, na nina kitu cha mzee." Yule mkubwa akanitazama, akanyoosha mkono, akanishika bega. Akaleta kibuyu kilekile.

Jioni akaja mwenye mji. Ni Petro, mjukuu wa Gidahoda, baba wa watu, mrefu, mpole wa sauti. Yeye ni damu ya mzee, jina analitaja. Nikamfungulia leso. Nilitegemea furaha, labda machozi. Petro aliitazama medali bila kuigusa.

"Mama, asante. Lakini akina Gidahoda ni wengi," akasema. "Sisi tumechekwa vya kutosha. Mdogo wangu alipigana kwenye pombe kwa ajili ya hilo jina, akavunjwa mkono. Nikitoka nje na hiki nikasema ni cha babu, halafu ikajulikana ni cha mwingine, tutakuwa waongo mara mbili."

Nikamwonyesha ukingo, namba, kikosi. Akasoma kwa lensi, akanirudishia. "Namba ya babu hatuijui. Anayeweza kusema ni shangazi peke yake. Ameolewa mbali, Itigi, na hawezi kusafiri. Wiki iliyopita walisema hali chakula."

"Basi twende," nikasema.

Basotu hadi Singida: kuku na wasiwasi

Petro alikuja nami, akiwa na fimbo yake na mfuko wa nailoni wenye shati moja. Basi la Singida lilikuwa zuri, lilikuwa na pazia, lilikuwa na video. Kitu ambacho halikuwa nacho ni rejeta nzima. Tulisimama kila penye maji, kondakta akishuka na dumu, abiria tukishuka na maoni.

Kwenye moja ya vituo hivyo, chini ya mawe makubwa ya Singida, Petro aliniuliza swali nililokuwa nalikwepa. "Mama, na kama siyo yake?"

Nilitaka kumjibu kwa kiburi changu cha kawaida. Sikuweza. Kukusanya medali nyumbani ni raha; ukikosea jina, unajirekebisha, hakuna anayeumia. Hapa palikuwa na bibi mgonjwa anayekwenda kuambiwa kwamba baba yake hakuwa muongo, na aliyempelekea habari hiyo ni mimi, kwa ushahidi wa jina moja na kicheko cha mzee wa mnadani. Kama nimekosea, nampelekea msiba. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa sana.

"Kama siyo yake," nikamwambia, "nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu."

Petro akaitikia kwa kichwa. Singida alininunulia kuku wa kienyeji, akanikataza katakata nisilipe, akaniwekea paja. Tulikula kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Hata hivyo kuku alikuwa mtamu, siwezi kumsingizia.

Singida hadi Itigi: waya

Kupitia Manyoni tukafika Itigi, na kutoka Itigi tukaingia kwenye vile vichaka vyao, bodaboda mbili, yangu mbele. Vichaka vya Itigi vimesukana hata mbuzi anafikiri kabla ya kuingia. Njia ilitupoteza, tukatokea kwa mrina asali, ambaye alikataa kutuelekeza mpaka tuonje. Tulionja. Mikono yangu ilinata mpaka jioni, na dereva wangu alifuatwa na nyuki mmoja hadi tulipofika.

Bibi Udamara alikuwa amelala kwenye ngozi, ndani, karibu na mlango penye mwanga. Amekonda. Macho yake yameingia ukungu, haoni. Wake wa wanawe walikuwa wamekaa kando yake, na wanawe wawili wamesimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sauti ya mbali hii," akasema. Kiswahili chake ni cha taratibu, cha mtu anayepanga kila neno kabla ya kulitoa.

Petro akamweleza kwa lugha yao. Nilisikia neno Burma tu. Bibi akatoa mkono wazi. Nikaiweka medali juu ya kiganja.

Hakugusa uso wa mfalme. Hakugusa ukingo wenye jina. Vidole vyake vilikwenda juu moja kwa moja, penye ule waya wa shaba, vikaanza kuufuata, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mwisho wake uliojikunja ndani. Akaurudia tena kutoka mwanzo. Kisha akatoa sauti ambayo sijawahi kusikia mtu mzima akiitoa, na wanawe wakamsogelea mbio.

"Baba alinifunga hii shingoni," akasema. "Waya alisokota mwenyewe, nimekaa mguuni kwake. Akaukunja ncha ndani isinichome."

Ule waya! Waya niliouita uharibifu! Waya wa kukatwa! Nikamkumbuka Baba Zuhura, usikioshe mpaka umjue mwenyewe, nikauma midomo.

Halafu bibi akaendelea, mara Kiswahili, mara lugha yake, na Petro akitufasiria. Ilikuja njaa. Baba alikuwa mbali na ng'ombe akitafuta malisho. Mama yake akaivua medali shingoni mwa mtoto, akaenda nayo Babati kwa mguu, akarudi na mahindi. Baba aliporudi akaambiwa. Hakugomba. Alimwambia mkewe jambo moja tu: wasimwambie mtu, kwa sababu watu watamcheka mwanamke aliyekula heshima ya mumewe. Waliposema tuonyeshe, akanyamaza. Walipomwita muongo, akanyamaza. Akanyamaza mpaka kaburini.

"Mama alipofariki nikawaambia kaka zangu," bibi akasema. "Wakasema unamfichia baba aibu yake. Sikuwa na cha kuonyesha." Akaifumba medali kwa vidole vyote, na tangu hapo haikurudi tena kwangu. "Lakini mimi nilijua. Hii niliila mimi. Mahindi yale niliyala mimi."

Petro aliketi chini pale pale kwenye vumbi, mtu mzima yule, akalia bila kuficha uso. Mimi nililia kabla yake, kwa hiyo siwezi kumsema. Bibi akaita wanawe, akalitaja jina la baba yake kwa sauti kubwa, Gidahoda, mara moja, tena mara ya pili, na wanaume wote mle ndani wakalirudia. Wakwe zake wakainamisha vichwa, jina hilo si lao kulitamka. Ilikuwa heshima tupu, na safari hii niliielewa.

Kisha akanigeukia na yale macho yake. "Miaka yote hii. Kwa nini haikuyeyushwa?"

"Sonara aliyekuwa nayo alikataa, bibi. Alikuwa mume wangu. Alisema ina jina la mtu."

"Hakuwa na haja na fedha?"

"Alikuwa nayo. Ilikuwa iwe bangili yangu ya pili ya harusi." Nikamsogezea mkono wangu, akaipapasa ile bangili moja, nyembamba, akapapasa na mkono wa pili, hakukuta kitu. Akaushikilia huo mkono mtupu.

"Mume wako jina lake nani?"

Mama Pendo, tangu niolewe sijawahi kulitamka. Adabu yangu yote ilinikataza. Lakini niliona mtu aliyeikataa bangili ya mkewe kwa ajili ya jina la mgeni hawezi kuachwa bila jina kwenye nyumba hiyo. Nikajinyoosha, nikasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje waliisikia.

"Rajabu. Mume wangu anaitwa Rajabu."

Bibi akasema, "Rajabu." Wanawe wakasema, "Rajabu." Petro, huku akifuta uso, akasema, "Rajabu." Na wale wakwe, ambao walikuwa wameinamisha vichwa muda wote ule, wakainua nyuso zao, kwa sababu hili hapana mila iliyowakataza, wakalitamka wote kwa pamoja.